Haki Tamu kwa Ulimi Mchungu



Mwenye haki hubeba mizigo miwili. Wa kwanza ni kuijua haki yenyewe, na wa pili ni kuifikisha kwa watu mpaka waielewe na waione kuwa ni yao. Wengi huubeba ule wa kwanza wakautupa wa pili njiani. Hoja yao huwa imenyooka, lakini huisema kwa ulimi unaowafukuza wasikilizaji, kisha watu wakenda zao huwalaumu kuwa ni wajinga. Katika makala haya nataka tuwatazame watu wa namna hiyo wa zama zetu, nao ni wale wanaowataka watu wa kawaida waziache programu za makampuni makubwa ya kompyuta na simu, waingie katika zile ziitwazo programu huru. Katika asili ya jambo lao mimi ni pamoja nao. Ninalolikosoa ni namna yao ya kulingania.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Programu ni maagizo yanayoiambia kompyuta au simu ifanye nini. Fundi huyaandika kwa lugha ambayo fundi mwenziwe aweza kuisoma, kisha hugeuzwa kuwa tarakimu ambazo mashine yazifuata na binadamu hawezi kuzifahamu. Makampuni mengi huuza au hugawa zile tarakimu, na maandishi ya asili huyaficha. Mmarekani mmoja, Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT, alichukizwa na desturi hiyo kwa sababu ya printa. Ile ya zamani walikuwa wameiongezea maagizo ya kuwajulisha watu karatasi zikikwama. Ilipokuja printa mpya ya Xerox haikuja na maandishi yake ya asili, na mtu aliyekuwa nayo alikataa kumpa nakala, kwa kuwa alikwisha kuahidi kutompa yeyote. Mwaka 1983 Stallman alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima ulio huru, akauita GNU, na mwaka 1985 akaanzisha taasisi ya Free Software Foundation. Mwaka 1991 kijana wa Finland, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux, na vitu hivyo viwili vikaungana. Leo kiini hicho kimo ndani ya kila simu ya Android na katika mashine nyingi zinazoendesha intaneti.

Programu huitwa huru ikiwa mwenye kuitumia ana ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote aitakayo, kuyasoma maandishi yake ya asili na kuyabadili, kumpa jirani yake nakala, na kuwagawia watu ile aliyoibadili. Mwaka 1989 Stallman aliziandikia ruhusa hizo leseni iitwayo GPL, yenye sharti moja zito: atakayeigawa programu hiyo kwa wengine, hata akiwa ameibadili, hata akiwa anaiuza, lazima awape na wao ruhusa zile zile pamoja na maandishi ya asili.

Sasa, ewe mtu wa pwani, liangalie sharti hilo uniambie lakukumbusha nini. Mimi lanikumbusha wakf. Mtu amechimba kisima akakitoa wakf: anayepita atachota, mkazi atachota, fundi atakitengeneza kikiharibika, lakini hapana atakayekuja kukizungushia ukuta akaweka mlango na ufunguo. Mambo haya mawili si sawa kwa kila kitu, kwani mali ya wakf haiuzwi, na nakala ya programu huru yaweza kuuzwa. Lakini roho yake ni moja: manufaa yaliyofunguliwa kwa watu yasifungwe tena na mtu mmoja. Babu zetu waliijua maana hii kabla haijazaliwa kompyuta. Ajabu ni kuwa walinganiaji wa programu huru, katika miaka yote hii, wamewajia watu wetu na kila maneno ila haya yanayofahamika.

Na jambo lenyewe lakuhusu, usidhani ni la mafundi peke yao. Katika simu yako zimo picha za mkeo na binti zako wakiwa nyumbani bila ya buibui, zimo sauti za wazee waliokwisha kututangulia, zimo hesabu za duka, zimo siri za ndugu waliokuomba shauri. Mwaka 2015 kampuni ya Google iliwaambia watu waweke picha zao kwake, bila malipo na bila kikomo, ilimradi wakubali zipunguzwe ukubwa kidogo. Watu wakaweka, kisha wakazifuta katika simu ili wapate nafasi. Tarehe 1 Juni 2021 ruhusa ile ikakoma: kila picha mpya ikawa yahesabiwa katika gigabaiti 15 zinazotumiwa pia na barua pepe, na atakaye zaidi alipe. Sisemi kwamba kampuni ilidhulumu. Nyumba ni yake, na mwenye nyumba hupanga kodi. Nasema kwamba aliyehamishia kumbukumbu za ukoo wake katika nyumba ya watu hana kauli siku masharti yanapogeuka. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri.

Basi ikiwa haki iko wazi hivi, mbona watu hawahami? Hapa ndipo penye makosa ya walinganiaji, na mimi nayaona manne.

Kosa la kwanza ni lugha. Zile ruhusa nne nilizozitaja, wao wenyewe huzihesabu kuanzia sifuri: ruhusa ya sifuri, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mafundi wa kompyuta huhesabu hivyo, na kwao ni mzaha mzuri. Jina GNU nalo ni mzaha wa mafundi, kwani maana yake ni "GNU si Unix", jina linalojieleza kwa kujirudia lenyewe. Kisha huwakemea watu wanaosema Linux tu, wakitaka waseme GNU na Linux pamoja. Mama anataka kuandika kadi za arusi ya mwanawe, nao wamsahihisha jina! Na neno lao kubwa kabisa, kwa Kiingereza, lina maana mbili, ya kutolipa na ya kuwa huru, na kwa muda wa miaka arubaini wamekuwa wakieleza kuwa wao wakusudia ile ya pili. Sisi Waswahili tuna maneno mawili mbalimbali, bure na huru, tena twajua kwamba bure ina maana ya tatu: kitu bure ni kitu kisicho na thamani, na kazi bure ni kazi iliyopotea. Kijana anayemwambia baba yake "hii ni programu ya bure" amekwisha kuishusha thamani kabla hajaifungua. Na amwambie ni programu huru, kisha ampe mfano wa kisima.

Kosa la pili ni kulaumu. Mwaka 2009 ile taasisi ya Stallman ilitoa kampeni iliyoipa jina la "dhambi saba" za Windows 7, ikaziandikia barua kampuni kubwa 499 za Marekani. Mashtaka yaliyomo si ya uongo yote. Yalisema juu ya kuingilia faragha, juu ya kumfungia mtu katika bidhaa moja asiweze kutoka, juu ya kuwazoesha watoto wa shule bidhaa ya mfanyabiashara mmoja, na hayo ni ya kufikiriwa. Lakini sisi walimu wa dini twajua uzito wa neno dhambi, na twajua mtu hulitupa wapi neno hilo asipoonyeshwa mlango wa kutokea. Aliyeinunua kompyuta dukani akaikuta ina Windows hakufanya dhambi. Alinunua kompyuta. Ukianza kwa kumwonyesha ubaya wa alichonacho, ataanza kukitetea kama anavyomtetea nduguye mbele ya mgeni. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, na makali humrudisha ndani zaidi.

Kosa la tatu ni kutia chumvi. Januari 2021 WhatsApp, ambayo Facebook iliinunua mwaka 2014 kwa bei iliyotangazwa ya dola bilioni 19, iliwataka watu wakubali masharti mapya. Dunia ikatikisika. Watu wengi wakahamia Signal, ambayo ni programu huru, na wengine Telegram. Kampuni ikalazimika kuisogeza tarehe yake kutoka 8 Februari mpaka 15 Mei. Ilikuwa fursa kubwa kwa walinganiaji. Lakini ujumbe uliozunguka kwa wingi ulikuwa kwamba sasa kampuni itasoma kila unachomwandikia mkeo, na hilo halikuwa kweli. Maneno ya mazungumzo binafsi katika WhatsApp yalikuwa yamefungwa kwa siri tangu 2016, tena kwa ufundi uliotoka kwa hao hao wa Signal. Yaliyogeuka yalihusu zaidi mazungumzo na wafanyabiashara. La kweli lilikuwa dogo kwa sauti na kubwa kwa maana: kampuni yaweza kujua unazungumza na nani, lini na mara ngapi, nayo ni ya watu ambao mali yao yatokana na matangazo. Brian Acton, mmoja wa waasisi wa WhatsApp, aliondoka katika kampuni hiyo mwaka 2017, na mwaka uliofuata akatoa dola milioni 50 kuanzisha wakfu wa Signal. Habari hiyo peke yake yatosha kumfanya mtu mwenye akili afikiri. Kwa nini kuichanganya na uzushi? Siku watu walipotambua kuwa walitishwa kwa jambo lisilokuwako, walilitupa na lile lililokuwako.

Na wengi walirejea. Hapa lipo kosa la nne, nalo ndilo kubwa: walinganiaji humwita mtu mmoja mmoja katika jambo ambalo ni la jamaa. Ukoo mmoja wa kwetu una watu Mombasa, Unguja, Maskati, Dubai na London, na wote hukutana katika kundi moja la simu. Humo hutangazwa mazishi, humo huchangwa fedha za mgonjwa, humo mwezi ukiandama hupashana habari. Kijana aliyehama peke yake hakujipatia uhuru, alijipatia upweke. Bibi yake hakuhama, na kijana mwema hawezi kumwacha bibi yake kwa sababu ya leseni. Walinganiaji wakamwona huyo kuwa ni dhaifu wa imani, na mimi namwona kuwa amelelewa vizuri. Ukitaka kuhama, hamisha kundi, na kundi lina wakubwa wake. Mweleze shangazi ambaye neno lake husikizwa. Akikubali yeye, nyumba kumi zimekubali.

Pana mifano miwili ya mbali inayoonyesha jambo hili kwa watu wengi zaidi. Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuziacha programu za Microsoft katika ofisi zake, na ilipofika mwaka 2013 kompyuta kama 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Kisha mwaka 2017 baraza la mji likapiga kura ya kurejea Windows. Siasa zilikuwamo, lakini katika sababu zilizotajwa yalikuwamo malalamiko ya wafanyakazi na taabu ya kubadilishana nyaraka na ofisi nyingine. Sasa watazame askari wa Ufaransa waitwao Gendarmerie. Wao mwaka 2005 walibadili programu ya kuandikia peke yake. Mwaka uliofuata wakabadili ya kusomea intaneti na ya barua. Mfumo wenyewe wa kompyuta walianza kuubadili mwaka 2008, wakati ambao askari walikuwa wamekwisha kuzizoea zana zao, hata walipoletewa mfumo mpya walikuta ndani yake vitu wanavyovijua. Makumi ya maelfu ya kompyuta zikahama, na hawakurudi. Mwenda pole hajikwai.

Na sisi wenyewe tunao mfano wa nyumbani. Mwaka 2004, kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice: programu huru ya kuandikia na kupigia hesabu, iliyo kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, kwani wataalamu walikaa wakatafuta maneno ya Kiswahili kwa kila amri ya kompyuta. Lakini waulize vijana wa mtaani kwako kama wamewahi kuisikia. Chakula kilipikwa, na wageni hawakualikwa. Shule ziliendelea kufundisha kwa majina ya bidhaa za kampuni, maduka ya kompyuta yaliendelea kuingiza kile kile, na hapana aliyetumwa kwenda mlango kwa mlango. Kuwa na programu kwa lugha ya watu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mtu wa kukaa nao.

Kuna jambo moja ambalo walinganiaji wa Ulaya na Marekani hawalisemi kabisa, na kwetu lingekuwa la kwanza. Wao hudhani mtu wa kawaida amenunua Windows. Kwetu, katika vibanda vingi, fundi huiweka nakala isiyolipiwa, na pamoja nayo programu za picha na za kuandikia, kwa shilingi chache. Ukimwambia mtu huyo kwamba programu huru itampunguzia gharama, atakucheka, kwa kuwa yeye hana gharama. Lakini ana jambo jingine. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, ilipitisha kwamba haki za utunzi na za uvumbuzi zinalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Basi mwalimu anayechapa mitihani ya madrasa kwa programu ya kuibwa na ajiulize. Stallman mwenyewe hapendi tendo la kumnakilia jirani liitwe uharamia, na ana hoja zake. Nyumba ya Mwislamu, hata hivyo, haihitaji kumaliza mjadala huo. Njia ziko mbili zilizo safi: ulipe, au utumie kile ambacho mwenyewe amekuruhusu kukinakili. Programu huru yaondoa shaka. Utampa jirani nakala, naye atampa jirani yake, na wote mna ruhusa ya mwenyewe. Hoja hii yaingia katika moyo wa mzee wa kwetu kwa dakika moja, na haina haja ya kuhesabu kuanzia sifuri.

Sasa nasaha zangu kwa walinganiaji, khasa vijana wetu wenye elimu hii. Anzeni na kile kilichomo nyumbani tayari. Nyumba nyingi hutazamia kanda za arusi na maulidi kwa VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha Paris, na tangu 2001 iko chini ya ile leseni ya GPL. Mwambieni mzee: hii unayoipenda ndiyo programu huru. Hapo atajua kuwa si kitu kigeni wala kibovu. Kisha mleteeni LibreOffice, afungue barua zake zile zile. Tazameni pia haja iliyopo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha matengenezo ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi nzima kabisa hazikubaliwi na Windows 11 kwa sababu ya masharti ya vifaa vyake. Kompyuta ya namna hiyo, iliyowekwa pembeni kama chuma chakavu, yaweza kumsomesha mtoto miaka mingine kwa Linux. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mtu ataikumbuka programu iliyomwokolea kompyuta yake kuliko hotuba ya saa mbili.

Semeni na kasoro zake. Nyaraka nyingine hubadilika mpangilio zikifunguliwa na LibreOffice. Printa nyingine husumbua. Kijana anayetafuta kazi ya ofisini ataulizwa kama aijua Word, na ni lazima aijue. Na simu ya Android, ingawa kiini chake ni Linux, huja na vingi vilivyofungwa ambavyo mtu wa kawaida hawezi kuviondoa. Muuzaji anayeficha doa la kitambaa hufanya khiyana hata ikiwa kitambaa ni kizuri, na mteja akiliona doa nyumbani harudi dukani kwako.

Na mkishaweka, msikimbie. Walinganiaji wengi humwekea mtu mfumo mpya siku ya Jumamosi, wakafurahi, na Jumatatu printa isipochapa hawaonekani. Mtu huyo atarudi kwa fundi wa kibanda, na mara ya pili hatakubali. Kama mna vijana watatu mtaani wanaojua, jipangieni zamu baada ya Laasiri, watu wajue pa kuuliza.

Na wewe msomaji usiye fundi, nawe una sehemu yako. Usiseme "mimi sina la kuficha". Kila nyumba yetu ina pazia mlangoni, na hapana aliyelitundika kwa kuwa ndani mna uhalifu. Fanya mambo matatu mwezi huu. Nunua diski ya nje, unakili humo picha za ukoo, uiweke kabatini, ili ziwe na makao mengine yaliyo yako. Muulize aliyekutengenezea kompyuta kama programu zilizomo zina ruhusa ya wenyewe. Na kijana wako akikujia na habari ya programu huru, msikilize hata kama anasema vibaya, umuulize yeye maswali ya maana: itanisaidia nini, itanitaabisha wapi, na nani atanisaidia ikikwama? Akishindwa kujibu, mrudishe akajifunze. Akiweza, mpe kompyuta moja ya nyumbani aanze nayo.

Wabillahi tawfiq.